Ijumaa Niliyoshika Ndala za Amma

Katika jengo letu hapa Al Mansoura mimi ndiye mwenye viti vingi, kwa hiyo misiba huletwa kwangu. Si kwamba nina busara kuliko wenzangu. Nina viti sita, sufuria kubwa la pilau na sebule ambayo kiyoyozi chake hakijawahi kugoma, na mtu wa makamo akiwa na vitu hivyo Doha basi keshakuwa mzee wa mtaa, apende asipende. Ijumaa iliyopita, baada ya sala, walikuja wawili. Mmoja ni Shabani, dereva, mtu wa Unguja, aliyekaa chumba kimoja na Idrisa kule Fereej Bin Mahmoud kwa miaka mitatu. Wa pili ni Wambui, muuguzi mwenzangu kutoka Kenya, aliyekuja moja kwa moja kutoka kanisani Abu Hamour, Biblia yake bado iko kwapani. Idrisa wetu, kijana wa Tanga aliyefanya kazi ya ulinzi na aliyekula kwangu kila Ijumaa, akimaliza wali wote kisha akilalamika kwamba nazi ya kopo si nazi, alikuwa amefariki hospitalini Alhamisi alasiri. Mshipa ulipasuka kichwani. Kiti chake cha siku zote, kile cha karibu na dirisha, hakuna aliyekikalia. Tulikuwa na jambo moja la kuzungumza: nani amwambie mama yake, na lini.

Shabani alikuwa ameshaianza kazi hiyo kwa namna yake. Alhamisi jioni alimpigia yule mama simu, akamwambia Idrisa amelazwa na anaendelea vizuri. "Sikuweza, Bi Rehema," aliniambia, macho yake kwenye zulia. "Mambo haya hayasemwi kwenye simu ati. Mjomba wake yuko safarini, kesho atafika Tanga, atamkalisha dada yake, atamwambia kiutu uzima. Sisi tunyamaze mpaka kesho, khalasi. Maiti yenyewe mudiri wa kampuni yao kasema karatasi zake mpaka Jumapili." Wambui akaiweka Biblia yake juu ya meza. "Na akipiga saa hii kuuliza, utamwambia bado anaendelea vizuri? Huyo mama si mtoto, jameni." Shabani akasema kila watu wana utaratibu wao. "Hata kwetu watu hufa, Shabani," Wambui akamjibu, bila ukali. Ndipo Shabani akasema neno lililoniondoa kwenye kiti. "Isitoshe, mama yake kaalika watu. Leo baada ya alasiri wanamsomea Idrisa Yasini apate nafuu. Utampigiaje mtu simu ya namna hiyo na nyumba imejaa wageni?"

Nikasema nakwenda kuangalia chai. Chai ilikuwa imeiva zamani, nilishaizima mwenyewe. Nilisimama jikoni nikashika ukingo wa sinki, na mbele yangu akaja mwanamke mwenye magoti mabovu, amevaa sari ya kijani iliyofifia, anavua ndala zake mlangoni pa hekalu na kunikabidhi mimi. Miaka inakaribia thelathini. Siku zote ananijia na zile ndala.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwaka wangu wa pili wa kusomea uuguzi katika mji wa Tiruchirappalli, kusini mwa India. Wenyewe hulikata jina lile wakasema Trichi. Mto Kaveri unapita ubavuni mwa mji, mpana sana, miezi mingine umejaa maji na miezi mingine ni mchanga mtupu ambao watu wanaukata kwa miguu wakibeba baiskeli mabegani. Bweni lilinishinda kwa kelele, nikapata chumba kwa mjane mmoja karibu na mto. Nilimwita Amma, yaani mama, kama kila mtu mtaani alivyomwita. Nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, sakafu nyekundu ya saruji iliyosuguliwa mpaka unajiona, na siku haikuanza mpaka usikie mbegu za haradali zikipasuka kwenye mafuta jikoni. Kila alfajiri Amma aliosha kizingiti cha mlango wa mbele, kisha akachora maua juu yake kwa unga wa mchele, na mimi nilikuwa nikiondoka kwenda chuoni nayaruka kwa hatua ndefu nisiyaharibu. Nilimuuliza mara moja kwa nini ajisumbue kuchora kitu kitakachokanyagwa kabla ya adhuhuri. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anaoga. Nyumba yenye maua mlangoni, aliniambia, ni nyumba ambayo watu wake ni wazima.

Ukumbini palikuwa na simu ya mezani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake picha ya Senthil, mwanawe wa pekee, kijana mwenye masharubu membamba na shati lililochomekwa vizuri. Senthil alikuwa Doha. Alikuwa fundi wa viyoyozi, na kila nikisikia kiyoyozi changu kikianza kunguruma kule sebuleni namkumbuka mtu ambaye sikuwahi kuonana naye. Alipiga simu kila Ijumaa asubuhi, ndiyo siku yake ya mapumziko. Kitamil changu nilijifunza kwa kusikiliza simu hizo nikiwa namenya vitunguu: Umekula? Umekula nini? Joto likoje? Unalala? Kisha mambo ya uchumba, maana msichana alikuwa ameshaonekana, mwalimu wa shule, na picha yake ilikuwa imetumwa Doha ndani ya bahasha. Mwishoni Amma hakukubali kamwe mtu aseme "kwaheri" au "nakwenda". Pale mtu husema "nakwenda nije", na anayebaki humjibu "nenda urudi". Hata mimi nikienda dukani kununua chumvi ilinibidi niseme. Siku moja nilisahau, akaniita kutoka njiani, nikarudi, nikasema, ndipo akaniruhusu niondoke.

Kwa ajili ya ndoa hiyo Amma aliweka nadhiri. Angezuru mahekalu tisa ya mjini na kando ya mto kabla mwaka haujaisha, ili Senthil apate mke na arudi nyumbani. Magoti yake hayakuafiki nadhiri hiyo hata kidogo, kwa hiyo bega lilikuwa langu. Mimi Muislamu wa Tanga, niliyelelewa kuamini kwamba sanamu hata kuitazama sana ni mashaka, nikajikuta kila baada ya wiki tatu nne nampandisha mwanamke ngazi za hekalu. Tulikubaliana mapema, bila maneno mengi, mimi naishia wapi. Ndani mnamokaa mungu wao hawaingii wasio Wahindu, na hapo walinirahisishia kazi. Nilibaki kwenye ukumbi wa nje wenye nguzo, au mlangoni, nimepakata ndala zake ili zisichanganyike na za watu wengine. Tulianza na hekalu la juu ya mwamba, katikati ya mji, ngazi zake zimechongwa ndani ya jiwe lenyewe, giza na joto la mafuta ya taa, kisha ghafla unatokea juu penye upepo na unauona mto wote. Amma alipumzika kila baada ya ngazi kumi akijisingizia anasoma maandishi ya ukutani. Tukaenda kwenye hekalu la kisiwani, ambalo ni ukuta ndani ya ukuta ndani ya ukuta, na humo ndani kuna mitaa, nyumba za watu, wauza maua na vinyozi, mpaka nikamuuliza hekalu lenyewe linaanzia wapi. "Umeshafika zamani," akanijibu. Tukaenda kwenye lile ambalo jiwe la mungu limekaa ndani ya maji yasiyokauka, na ambalo kila adhuhuri kuhani, mwanamume mwenye kitambi, huvaa sari na kupita na tembo mbele yake, akiwa ndiye mungu wa kike anayekwenda kumwabudu mumewe. Nilicheka. Amma naye alicheka, kisha akanifinya niache.

Nilichokipenda, na nasema wazi kwamba nilikipenda, ni kusikia jina. Mtu anayetaka kuombewa hununua sahani yenye nazi, ndizi, majani ya tambuu na maua, akampelekea kuhani. Kuhani huuliza mambo mawili tu, jina na nyota ya kuzaliwa, kisha huingia ndani akaliimba jina hilo na nyota hiyo katikati ya maneno yake ya zamani, kengele ikalia. "Senthil. Rohini." Katika mahekalu yote niliyasikia maneno hayo mawili kutoka mlangoni. Hayakuwa mageni kwangu kihivyo, kwetu Tanga pia wapo wapiga falaki wanaomuuliza mtu jina la mama yake ili waijue nyota yake. Wakati wa mitihani yangu Amma alilipeleka na jina langu bila kuniuliza. Nilimsikia kuhani anauliza nyota, Amma anasema hajui, kuhani anasema basi atapewa nyota ya mungu mwenyewe, ndivyo wafanyavyo kwa asiyejua yake. Nikatoka pale nimenuna. Amma akasema, "Umechukia kwa sababu gani, nimekuibia nini?" Mitihani nikaifaulu, na hilo hatukulizungumza tena.

Chakula ndicho kilichonionyesha yeye ni mtu wa namna gani. Hekaluni hugawa wali wa ukwaju au wali wa mtindi, wa moto, juu ya jani, ukiwa umeshatolewa kwa mungu. Mimi siwezi kula hicho. Mara mbili za kwanza nilijidai nimeshiba, tumbo likinguruma mbele ya kila mtu. Mara ya tatu, tulipokaa kwenye ngazi za mto, Amma akatoa kifuko kutoka kwenye kikapu chake, wali wa ndimu wenye karanga na majani ya mchuzi, umefungwa kwenye jani la mgomba. "Huu haujaenda kokote," alisema. "Umetoka jikoni kwangu." Tangu siku hiyo aliamka saa nzima kabla ya wakati wake kunipikia. Hakuwahi kuniuliza kwa nini sili wa kwao, alikaa akaliwaza jambo mwenyewe akalipatia jibu. Nimekula kwenye nyumba nyingi tangu wakati huo, na za ndugu zangu wa dini zimo, na wanaokustahi kiasi hicho ni wachache.

Simu ililia Jumanne. Amma alikuwa sokoni. Sauti ya mwanamume, Kiingereza cha kukatika, alikuwa akipiga kutoka Doha, kutoka chumba alichoishi Senthil. Aliniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mpangaji. Akavuta pumzi, nadhani alifarijika kumpata mgeni, akasema Senthil alilala jana yake na hakuamka. Moyo, daktari kasema moyo. Umri wake miaka ishirini na saba. Nikaandika namba ya mtu yule kwenye daftari langu la magonjwa ya watoto, mkono wangu ukiwa mtulivu kabisa, nikampigia Bwana Raghavan, kaka yake Amma, karani mstaafu aliyekaa mtaa wa tatu. Alikuja kwa baiskeli kabla Amma hajarudi. Alisimama ukumbini chini ya ile picha, akasema maiti itachukua siku nyingi kufika, moyo wa dada yake ni dhaifu, hawezi kukaa siku zote hizo akingoja sanduku. Aambiwe siku litakapofika, watu wakiwa wamemzunguka. "Nisaidie," alisema. "Mzuie asitoke." Nikamkubalia bila kufikiri mara mbili, maana ndivyo tulivyo sisi. Kwetu hakuna anayemwambia mama habari hiyo kavukavu. Unasema anaumwa, kesho unasema amezidiwa, unawaita shangazi, unatandika mikeka, na anapokuja mkubwa wa kusema neno lenyewe, mama mwenyewe keshaisoma mikeka. Nilijiona nimepewa kazi ninayoijua. Bwana Raghavan akachomoa waya wa simu nyuma ya kabati, akasukuma kitambaa kikae sawa, akaondoka. Nikaona paji lake la uso ni tupu. Siku zote alikuwa na mistari mitatu ya jivu la hekaluni, na siku hiyo hakuwa nayo, na kila alipokuja wiki ile hakuwa nayo. Niliiona nikafikiri ni huzuni tu.

Siku tatu niliishi ndani ya nyumba ile na habari yangu. Alfajiri nilimsikia Amma akiosha kizingiti na kuchora maua. Ijumaa simu haikulia. Aliiinua, akaisikiliza, akaipulizia, akaniambia, "Laini imekufa." Nikamwambia, "Laini za hapa ndivyo zilivyo, Amma." Huo ulikuwa uongo wangu kwa sauti, na hata sasa naukumbuka mdomoni. Akakaa kidogo, kisha akasimama na kuanza kufunga sari ya kijani. Lilikuwa limebaki hekalu moja, la tisa, dogo, nje ya mji katikati ya mashamba ya ndizi. "Kama hawezi kuzungumza nami," alisema, "nitakwenda kumzungumzia." Ningeweza kujifanya naumwa. Ningeweza kumkimbilia Bwana Raghavan. Nilisimama nikafikiri, na nitaeleza nilivyofikiri kwa sababu ndilo kosa langu lenyewe: nilifikiri, hekaluni hakuna simu, hakuna majirani wa kuropoka, na tena mama aliyefiwa na mwanawe, hata kama hajui, aende wapi pazuri zaidi ya mahali pa dua? Kwetu mtu akifa ndipo nyumba ya ibada inapofunguliwa milango yote. Nikachukua kikapu, nikampa bega.

Hekalu lilikuwa dogo kiasi kwamba nikiwa mlangoni niliona mpaka taa ya ndani. Kuhani alikuwa mzee, miwani yake imefungwa kwa uzi. Amma alinipa ndala zake, akaingia, akatoa sahani. "Jina?" "Senthil." "Nyota?" "Rohini." Halafu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kule kwingine, akaongeza, "Yuko Doha. Anataka kuoa." Mzee akatabasamu. "Huko nako Mungu anafika," akasema, akaingia ndani. Kengele ikalia. Nikalisikia jina lile likiimbwa katikati ya moshi, na mwisho wake ukavutwa mrefu. Mikono yangu ilikuwa imeshika ndala zilizochakaa upande mmoja, kwa sababu ya goti. Nilitaka kuita. Sikuita. Nikamsomea Senthil Fatiha kimoyomoyo, na najua masheikh wakisikia watanisema, lakini ndicho nilichokuwa nacho. Mama yake alikuwa ndani anamwombea mke, na mimi nimesimama mlangoni namwombea kaburi, kwa jina hilohilo.

Akatoka anang'aa. Nadhiri ilikuwa imetimia. Tulikaa chini ya migomba akanifungulia wali wa ndimu, na mimi nikaufunga tena kwenye jani. "Unaumwa?" akaniuliza, akanishika shingo kwa nyuma ya mkono kuangalia homa. Tulipofika nyumbani alichukua jivu alilopewa na kuhani, akalikunja kwenye karatasi, akalitia kwenye bahasha, akaandika anwani ya Doha kwa herufi kubwa zenye kutetemeka, akanituma posta. Nilifika mpaka kwenye sanduku la barua. Kisha nikarudi nayo, nikaiweka chini ya godoro langu.

Sanduku la maiti lilifika Alhamisi iliyofuata. Asubuhi Bwana Raghavan alikuja na wanawake wa ukoo, wakamkalisha Amma kwenye sakafu nyekundu, akamwambia. Nilitarajia kilio, na kilio kilikuwapo, lakini kilikuwa cha wale wengine. Amma alimuuliza kaka yake swali moja, lini. Jumatatu ya wiki iliyopita, akamwambia. Nikamwona anahesabu kwa vidole, kidole gumba kinagusa vingine kimoja kimoja, na kilipofika Ijumaa kikasimama. Akanigeukia. "Wewe ulijua tangu lini?" "Jumanne, Amma." "Bahasha?" Nikaenda nikaitoa chini ya godoro nikampa mkononi. Hakuifungua. Bwana Raghavan akashika kichwa, na kwa sauti ya chini, kwa Kiingereza, ndipo akanieleza nilichopaswa kuuliza au kuambiwa siku ya kwanza. Nyumba ikiwa imefiwa, hata maiti ikiwa mbali, mtu wa nyumba hiyo haingii hekaluni. Hatii jivu usoni, hachori maua mlangoni, hapeleki jina la mtu wake mbele ya mungu. Ndiyo sababu paji lake lilikuwa tupu. Alipokuwa akisema nimzuie asitoke alidhani mtu mzima yeyote anajua kwa nini. "Wewe hukujua, kwa hiyo huna kosa," alisema, akimfariji dada yake kwa Kitamil sasa. Amma akaitikia kwa kichwa. Kisha akaniambia, taratibu, neno kwa neno, ili Kitamil changu cha vitunguu kiweze kulifuata: "Mimi sikujua. Wewe ulijua, na ulinishikia ndala."

Nilikaa pale miezi minne zaidi mpaka masomo yangu yakaisha. Hakunifukuza, wala hakunisema tena. Alipika, nilikula, hata wali wa ndimu alipika. Nilimwomba radhi mara nyingi, akanijibu "hapana, hapana" kama mtu anayefukuza nzi. Lakini kizingiti kilikaa kitupu muda mrefu kuliko desturi inavyotaka, na hekaluni hakwenda tena wakati wote niliokuwapo. Nilizoea kutoka asubuhi nikainua mguu kuruka maua ambayo hayapo. Siku ya kuondoka nilivaa viatu, nikasimama mlangoni na sanduku langu, nikasema alivyonifundisha, "Amma, nakwenda nije." Alikuwa amekaa kwenye ngazi, mikono magotini. Nikangoja. "Nenda," akasema. Nilisimama pale kidogo nikitumaini ataongeza lile neno la pili. Hakuliongeza, na sikurudi Trichi tena.

Nilipokuja Doha kufanya kazi watu walidhani nimefuata mshahara, na ni kweli nilifuata mshahara. Lakini mwaka wa kwanza, siku zangu za mapumziko, nilitembea mitaa ya wafanyakazi nikitazama madirisha ya juu, nikijiuliza lipi lilikuwa lake. Nilitafuta nini sijui. Bwana Raghavan aliniandikia mara moja tu, kunipa habari kwamba dada yake amefariki. Hakusema kama aliwahi kunitaja, na mimi sikumuuliza. Ninachojua ni kwamba nilimnyang'anya siku tisa. Kifo cha mwanawe hakikuwa mikononi mwangu, lakini siku zile zilikuwa zake, angezililia, angekaa na kizingiti kitupu kama inavyopasa. Mimi nikamwachia achore maua.

Basi nilikuwa nimeshika sinki. Kule sebuleni nilisikia Wambui anamuuliza Shabani kama Idrisa alikuwa na mchumba, na Shabani anasema alikuwa naye. Saa ya Doha na ya Tanga ni moja. Saa ya ukutani ilisema saa kumi kasorobo. Nikafunga mlango wa jikoni, nikampigia Mama Idrisa. Nilikuwa nimeshazungumza naye mara kadhaa kwa sababu ya yule mwanawe mla wali.

"Bi Rehema," alisema, na nyuma yake nilisikia sauti za wanawake na vikombe. "Umetoka kumwona? Anakula?"

"Mama Idrisa, umekaa?"

"Nimekaa. Nyumba imejaa, mwenzangu, watu wamekuja, Mungu awalipe."

"Wameshaanza kusoma?"

"Bado. Mwalimu ndiyo kwanza anavua viatu."

Nilikuwa nimepanga maneno, yakanipotea yote. "Mama Idrisa, Idrisa hatunaye. Amefariki jana alasiri. Nisamehe kwa kukwambia kwenye simu. Sikutaka msome kabla hujajua."

Vikombe viliendelea kugongana nyuma yake. Nilisikia mtu anamwambia mtoto asogee. Mlango wa jikoni ukafunguliwa, Shabani akasimama pale, akaniona uso, akaegemea ukuta.

"Jana alasiri," alisema yule mama.

"Ndiyo."

"Na Shabani alinipigia jana magharibi. Akasema anaendelea vizuri." Alikuwa anahesabu. Ninaijua sauti ya mtu anayehesabu. "Alikuwa ameshakufa?"

Nikamtazama Shabani. "Ndiyo, dada yangu. Alikuwa ameshakufa."

Yule mama akaitoa simu mdomoni, lakini hakuikata, na nikamsikia anasema na chumba chake, kwa sauti ya mtu anayepanga wageni: "Badilisheni nia." Watu hawakumwelewa, mmoja akamuuliza nini. "Yasini ni ileile," akasema. "Badilisheni nia." Hapo vikombe vikanyamaza. Mwanamke mmoja alianza kulia, wengine wakafuata, na katikati ya kilio hicho nikamsikia mwalimu, mwanamke mtu mzima, akiuliza kwa upole asomewe nani.

"Marehemu," yule mama akamwambia, akasita, akaanza upya. "Marehemu Idrisa bin Hemedi."